Bi Kurwa Hataki Kurudi Mdogo

Kurwa binti Mohamedi wa Msimbati alimtangulia pacha wake duniani kwa muda ambao mama yao alikuwa akiueleza hivi: Kurwa alitoka mwadhini akianza adhana ya alfajiri, na Doto akatoka watu wakivaa viatu kuondoka msikitini. Nyumba nyingi zingesema hiyo si tofauti. Katika nyumba yao ilikumbukwa kila siku. Asubuhi Doto alisimama mbele ya mlango wa dada yake akasema, "Shikamoo dada," na kutoka ndani ikaja sauti ndefu, iliyoridhika: "Marahabaa, mdogo wangu." Ndipo mlango ulipofunguliwa. Majirani wanasimulia siku moja ya ugomvi ambapo mmoja alikaa ndani na mwingine nje mpaka jua likawa kali na uji ukaganda, kwa ajili ya neno hilo moja.

Nilipowafahamu walikuwa wamevuka miaka hamsini, wajane wote wawili, nyumba zao zinatazamana kiasi kwamba mtu akikohoa huku anaambiwa pole kule. Siku za bamvua, maji yanapotoka mbali na kuacha mwamba wazi, walishuka pamoja kutafuta pweza, kila mmoja na chuma chake chenye ncha na kikapu chake cha ukili. Bi Kurwa ndiye aliyekuwa na jina. Alikuwa akiona shimo la pweza mahali ambapo wengine waliona jiwe tu.

"Pweza ni mchafu," aliniambia siku ya kwanza aliponichukua mwambani. "Akila chaza hatupi maganda mbali. Tazama mlangoni pake, utajua kama yupo."

Nilitazama mlangoni pa mashimo mengi siku ile na sikujua lolote.

Lakini mwaka huo wa 1972 ulipokaribia kwisha, macho ya Bi Kurwa yalikuwa yanaondoka. Ulikuwa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limeshafunikwa, na la kushoto lilikuwa linafuata. Daktari wa Mtwara alimwambia kwamba Dar es Salaam yupo mtaalamu wa kuuondoa ugonjwa huo, lakini asikawie. Mwanawe Abdallah, aliyekuwa akifanya kazi bandarini huko, akamletea tiketi ya ndege, kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza na barabara ilikuwa imekatika huko Rufiji, kama kila mwaka. Safari ilikuwa baada ya wiki chache. Bi Kurwa alikuwa ameshashona gauni jipya.

Mimi nilikuwa nimefika kijijini likizo ile kufundisha darasa la watu wazima. Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nitoke chuo kikuu, nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari mjini Mtwara, na sauti yangu ilikuwa haivuki benchi la tatu. Kwa bahati Bi Kurwa alikaa benchi la kwanza, ili aone ubao, na kila nilichosema alikirudia kwa sauti kubwa kwa ajili ya wa nyuma. Hivyo ndivyo tulivyofundisha, yeye na mimi.

Siku moja tulimaliza herufi mapema. Redio ilikuwa imetangaza kwamba watu wametua tena mwezini, na Asha, aliyekuwa mdogo kuliko wote darasani, akauliza, "Mwalimu, hao wakirudi, wake zao watawajua? Au watakuwa wamezeeka huko?"

Wakacheka. Mimi nilifurahi mno, kwa sababu hatimaye nilikuwa nimeulizwa kitu nilichokipenda. Nikasahau kuona haya. Nikawaambia kwamba mwezi ni karibu, lakini tuseme kuna chombo kinachokwenda mbali zaidi, kwa mwendo unaokaribia mwendo wa nuru.

"Nuru nayo inakwenda?" akauliza Bi Doto. "Mimi nikiwasha taa naona imeshafika."

"Inakwenda, ila hakuna kinachoishinda mbio. Kabla hujafumba kinywa ingekuwa imezunguka dunia nzima mara kadhaa. Sasa, mtu aliye ndani ya chombo kinachoikaribia nuru, muda wake hupita polepole kuliko wetu. Saa yake, moyo wake, nywele zake zinavyoota, vyote. Mwenyewe hagundui. Anakula, analala, anahesabu siku zake kama kawaida. Lakini yeye akihesabu miaka miwili, huku nyumbani inaweza kuwa imepita ishirini."

Nikaona hawajashika, na nikatafuta mfano. Vitabuni mfano wake ni wa pacha, na pacha walikuwa mbele yangu. Nikasema, "Tuseme Bi Kurwa apande chombo hicho, Bi Doto abaki hapa Msimbati. Bi Kurwa akirudi, atamkuta Bi Doto ni bibi kizee. Yeye mwenyewe atakuwa bado kama alivyo."

Bi Kurwa, aliyekuwa akirudia kila sentensi, hakuirudia hiyo.

Bi Doto ndiye aliyesimama. "Ngoja, Mwalimu. Akirudi, mkubwa ni nani?"

"Katika mfano huo," nikasema, "mwenye umri mkubwa atakuwa wewe."

"Na shikamoo?" Asha akapiga kelele kutoka nyuma. "Nani atamwamkia nani?"

Darasa lilivunjika. Kuna mama aliyetoka nje kwenda kuchekea ukutani. Bi Doto akajifunga kanga vizuri, akatembea mbele ya benchi la kwanza kama bwana harusi, akanyoosha mkono. "Haya, Kurwa. Jizoeze."

"Toka hapa," akasema Bi Kurwa.

Siku zilizofuata hakukuwa na neno lingine kijijini. Bi Doto alikuwa akimtuma dada yake: "Dada, kimbia kisimani basi. Mbio, mbio! Ukirudi utakuwa msichana, tutakutafutia mume." Bi Kurwa naye akawa anatembea kwa madaha makubwa, hatua moja, akapumzika, hatua nyingine. Lori la korosho lililokuwa likipakia watu mpaka mjini lilipita mbele yake, na dereva alipomwita apande, alisema hana haraka. Watoto waliona hayo wakaongeza mchezo wao: anayekimbia sana anaambiwa anarudi tumboni.

Nami nilicheka, mpaka jioni moja Bi Kurwa aliponifuata kwenye baraza nilikokuwa nikikaa na vitabu vyangu. Alikuja polepole. Akakaa kwenye kigoda.

"Mwalimu, mwanangu. Ndege nayo inakwenda?"

"Inakwenda, mama. Lakini ukiilinganisha na nuru, ni konokono."

"Sikuuliza habari za konokono. Nauliza, aliye ndani ya ndege umri wake unachelewa au hauchelewi?"

Ningeweza kusema hauchelewi. Nilifikiri kusema hivyo. Lakini alikuwa ananitazama kwa jicho lake moja lililobaki, kama anavyotazama mlango wa shimo, na sikuweza.

"Unachelewa, mama. Ila kidogo mno. Hakuna saa katika Mtwara nzima inayoweza kuona tofauti hiyo."

"Kidogo, lakini ipo."

"Ipo. Hata hivyo wewe ulimtangulia Bi Doto kwa muda wa sala nzima. Ungeruka na ndege maisha yako yote bila kutua, upungufu wako usingefikia hata kufumba na kufumbua."

"Kwa hiyo nitabaki mkubwa, ila nitakuwa nimepunguzwa."

"Mama, ni kiasi ambacho hata—"

"Mwanangu, sikiliza. Sisi tumezaliwa siku moja. Tumevishwa nguo za kitambaa kimoja. Tumechezwa unyago pamoja, tumeolewa mwaka mmoja, na waume zetu walikuwa wakituchanganya gizani, Mungu awasamehe. Watu mpaka leo wananisalimia mimi kwa mambo ya Doto. Kitu kilicho changu peke yangu ni hicho kidogo nilichomtangulia. Sasa unataka niende nikakipunguze kwa hiari yangu, tena kwa siri, mwenyewe sijijui kama nimepunguzwa?" Akasimama. "Mwambie Abdallah tiketi ampe mtu mwingine. Jicho moja linatosha."

Nilidhani ni hasira za siku moja. Hazikuwa. Tiketi ilibaki imefungwa katika pindo la kanga, na gauni jipya akalitoa kabatini akalivaa kwenda shamba kuvuna muhogo, ili ieleweke.

Kisha likaja bamvua. Walishuka pamoja kama kawaida. Mimi sikuwapo, lakini nilioneshwa baadaye mahali penyewe: shimo pana chini ya jiwe, na mbele yake kitu cheupe. Bi Kurwa aliona weupe akadhani ni maganda ya chaza. Akaweka chuma chini akaingiza mkono, kama alivyozoea akiwa na hakika. Aliyekuwemo ndani alikuwa mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka ambaye akiuma haachii. Bi Doto alikiona kichwa kikitoka. Alimvuta dada yake kwa kanga, kanga ikachanika, wakaanguka wote wawili majini, na mkunga akauma kikapu.

Jioni yake Bi Doto alikuja barazani. Hakukaa. Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Mwalimu, ule mchezo ulikuwa wangu. Sasa umekuwa wa kweli na mimi siuwezi. Nimemwambia nenda, nitakuamkia hata ukirudi unanyonya. Unajua kanijibu nini?"

"Amesemaje?"

"Kasema shikamoo ya huruma ni sawa na kula pweza wa jirani. Hataki." Akafuta pua kwa upande wa kanga. "Ataingiza mkono tena, namjua. Na mimi sitakuwepo kila mara. Wewe ndiye uliyesema maneno yale. Tafuta mengine."

"Maneno ya uongo siwezi, Bi Doto."

"Nani kasema ya uongo? Umesoma miaka yote hiyo wakakufundisha upande mmoja tu?"

Alisema hivyo kwa hasira tu, lakini nilipobaki peke yangu neno hilo lilinirudia. Nilikuwa na gazeti moja la sayansi ambalo rafiki yangu wa chuoni alikuwa amenitumia. Lilieleza jinsi wataalamu fulani, mwaka uliotangulia, walivyozungusha saa za ajabu kote duniani ndani ya ndege za abiria, kuona kama zitatofautiana na zile zilizobaki nyumbani. Zilitofautiana kweli. Nilikuwa nimelisoma harakaharaka, kwa furaha tu kwamba mwendo unachelewesha saa. Jumapili mchana nilikaa nikalisoma lote, na katikati yake nikakuta jambo nililokuwa nimelipita: saa iliyo ndani ya ndege haiguswi na mwendo peke yake. Inaguswa pia na kuwa juu.

Nikachukua penseli. Nilitafuta mwendo wa ndege yetu ya Mtwara, yenye mapanga mawili, isiyo na haraka, na kimo inachoruka. Nikapiga hesabu. Jibu lilinifurahisha kiasi kwamba sikuliamini, nikaipiga upya kwa njia nyingine, kwa sababu najua mtu anayetaka jibu hulipata. Likatoka lilelile.

Sikungoja darasa. Niliwakuta wote wawili nyuma ya nyumba ya Bi Kurwa wakimpiga pweza juu ya jiwe ili alainike, kila mmoja kwa zamu, bila kuzungumza. Bi Doto ndiye aliyekuwa amemkamata. Bi Kurwa alikuwa akimpiga kama mtu mwenye deni naye.

"Shikamooni," nikasema. "Bi Kurwa, nilikuambia nusu tu ya jambo. Nimekuja na nusu iliyobaki."

"Nusu ya kwanza imenitosha."

"Ni kuhusu kuwa juu, mama. Dunia inavuta vitu vyote kwake. Ndiyo maana pweza akikuponyoka anaanguka chini, hapandi. Ukiwa chini karibu nayo, muda unakwenda polepole kidogo. Ukipanda juu, muda unakwenda haraka zaidi. Mtu wa mlimani anazeeka mbele ya mtu wa pwani."

Pigo likasimama hewani. "Watu wa Newala?"

"Hata watu wa Newala. Kwa kiasi kidogo sana."

"Nilijua!" akasema Bi Kurwa. "Doto, si nilikuambia? Yule shemeji wa Newala hawezi kuwa rika letu, na ule uso!"

"Uso ule si wa mlima," akasema Bi Doto. "Endelea, Mwalimu."

"Sasa ndege inafanya mawili kwa pamoja. Inakwenda, kwa hiyo inakuchelewesha. Inapanda juu, kwa hiyo inakuharakisha. Kama ingekuwa na mwendo kama wa nuru, mwendo ungeshinda na ungerudi mdogo kama nilivyosema darasani. Lakini ndege yetu ni mvivu. Inakwenda polepole na inaruka juu sana. Nimepiga hesabu mara mbili. Kimo kinashinda. Ukienda Dar es Salaam kwa ndege na kurudi, utarudi umemzidi Bi Doto kuliko ulivyomzidi sasa."

Bi Kurwa alimweka pweza chini. Alinawa mikono katika ndoo, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Kiasi gani?"

"Unyoya wa unyoya, mama. Hakuna atakayeuona."

"Lakini upo."

"Upo."

"Na nikiwa huko Dar es Salaam, sipungui?"

"Dar es Salaam iko pwani kama hapa. Muda wake ni kama wa kwetu."

"Kwenda naongezeka. Kurudi naongezeka."

"Ndiyo."

Bi Doto alikuwa ameshika kiuno. "Hebu, Mwalimu. Na meli je? Aende kwa meli. Meli ni salama zaidi, haianguki."

"Meli inakwenda lakini haipandi. Meli inamchelewesha tu."

"Basi nasema aende kwa meli!"

"Nyamaza, mtoto," akasema Bi Kurwa. Alikuwa anafungua pindo la kanga. Akatoa tiketi, akaikunjua, akainusa kama mtu anayenusa samaki. "Wakubwa wanazungumza."

Bi Doto aligeukia ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani anacheka, na nadhani alikuwa anacheka pia.

Alisafiri wiki ileile. Kijiji kizima kilimsindikiza mpaka kwenye lori, kisha mimi na Bi Doto tukaenda naye mpaka uwanja wa ndege. Alinishika mkono njia nzima akiniuliza kama lori halimpunguzi. Nilimwambia linampunguza, lakini ndege italipa yote na kubakiza. "Mwambie dereva asikimbie basi," akasema. Pale uwanjani alimwuliza kijana aliyekuwa akipokea mizigo kama rubani ana desturi ya kuruka juu au chini. Kijana akadhani anaogopa, akamtuliza: "Usiwe na wasiwasi, bibi, tutamwambia aruke chini chini uione bahari." Bi Kurwa alikasirika kweli. "Juu!" alisema. "Mwambie juu kabisa, mwisho wake!"

Alikaa huko miezi. Macho yote mawili yalifanyiwa kazi, moja baada ya jingine, na katika kukaa kwake huko nilipokea salamu zake kupitia kwa watu: anaendelea vizuri, anaona mchele ukiwa na mawe, anaona wakwe zake wanavyofagia. Likizo ilikuwa imekwisha nami nimerudi shuleni kwangu Mtwara, na Bi Doto alikuwa akija mjini kila alipopata usafiri, anakaa chumbani kwangu, ananiuliza kama kuna habari. Kijijini alikuwa hashuki pwani. Alisema mwamba umekuwa mkubwa.

Siku ya kurudi tulisimama pamoja kwenye uzio wa uwanja. Mlango wa ndege ulipofunguka walishuka wanaume wawili wenye mikoba, kisha mama mwenye mtoto, kisha Bi Kurwa, amevaa miwani minene iliyofanya macho yake yaonekane makubwa kama ya bundi. Alisimama kwenye ngazi. Alitazama minazi, akatazama watu, akatazama miguu yake mwenyewe. Abiria wa nyuma wakangoja.

Bi Doto hakuweza kungoja. Alipiga kelele kutoka kwenye uzio, watu wote wakageuka: "Shikamoo dadaa!"

Bi Kurwa alishuka, akavuka uwanja bila kukimbia, akaja mpaka kwenye uzio akasimama uso kwa uso na pacha wake. Ilikuwa miaka mingi hajamwona vizuri. Alitazama mvi. Alitazama mikunjo ya pembeni mwa macho, na pengo la jino, na kovu dogo la kidevuni. Alipitisha kidole kwenye tundu la waya akaigusa ile mikunjo.

"Doto," akasema. "Mbona umezeeka hivi?"

"Na wewe hujajitazama?"

"Nimejitazama. Wakwe wana kioo kirefu. Nilidhani ni mimi tu." Macho yale makubwa yalikuwa yamejaa maji nyuma ya miwani. "Mdogo wangu wewe. Nilikuacha msichana."

"Jibu salamu kwanza, watu wanatutazama."

"Marahaba," akasema Bi Kurwa. "Marahabaa, mdogo wangu." Na safari hii aliirefusha kuliko nilivyowahi kumsikia, mpaka yule kijana wa mizigo akasimama na mkokoteni wake kumsubiri amalize.

Tulipokuwa tunaelekea kwenye lori, Bi Doto alinikaribia, akaninong'oneza, lakini kwa sauti ya kumfikia aliyekuwa mbele. "Mwalimu, unajua na mimi jicho langu la kushoto siku hizi lina ukungu? Nadhani nami inanibidi niende. Nikipanda ndege mara mbili, tatu hivi, si tutakuwa sawa?"

Bi Kurwa hakugeuka. Alikuwa anatembea upesi, mzigo kichwani, anaruka madimbwi ya mvua moja baada ya jingine bila kukanyaga hata moja.

"Nenda," akasema. "Utakwenda kwa meli."